Dole Gumba Langu na Jinzi za Wifi

Mzigo wa wifi yangu ulikuwa ukaguliwe Alhamisi asubuhi, na Jumatano nzima sikuwa na kazi. Siku ya mapumziko hunichosha kuliko siku ya kazi. Tangu alfajiri nilikuwa nimeshafua, nimeshapanga vyombo, nimeshafagia sakafu ambayo haikuwa na vumbi, na sasa nilikuwa natembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi. Kila nilipopita mezani niliifinya sampuli ya jinzi iliyokuwa imekunjwa pale.

"Wifi, utaitoboa hiyo suruali," alisema wifi, aliyekuwa amekaa na kikombe chake cha chai akinitazama. "Hebu kaa."

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Unazunguka kama pangaboi."

Wifi ni dada wa mume wangu, mdogo kwangu kwa miaka na mkubwa kwangu kwa maneno. Kwa muda mrefu alikuwa akipika chapati asubuhi mbele ya nyumba yao Dar es Salaam, na kwa chapati hizo amesomesha watoto. Mwaka huu alipata fremu ya duka. Akasema yeye hataki kuuziwa nguo na watu wa kati, atakuja Guangzhou mwenyewe achague kwa macho yake. Mimi naishi hapa kwa miaka sasa. Kazi yangu ni kuwapokea wafanyabiashara wa kwetu, kuwapeleka sokoni na viwandani, kuwakagulia mzigo na kuusafirisha. Mume wangu yuko Dar anapokea makontena.

Wifi alikuwa amechagua jinzi kwenye karakana moja ya Xintang, upande wa mashariki wa mji, ambako mitaa mizima inashona jinzi tu. Tulikubaliana na mwenye karakana kwamba Alhamisi asubuhi tukague, na mchana lori lipite kuchukua. Kontena ilikuwa ya watu wengi na isingemsubiri mmoja. Mzigo ukiachwa, wifi angefungua duka lake siku za Idd na rafu tupu. Mzigo ukiondoka bila kukaguliwa, angeufungua Dar, na kutoka Dar hata upige kelele vipi, laoban hasikii. Laoban ndivyo tunavyowaita wenye maduka na viwanda hapa, na wao hutuita hivyo hivyo wakitaka tununue.

Jinzi mimi nazikagua kwa dole gumba la mkono wa kulia. Nafumba macho, nafinya kitambaa kati ya dole gumba na kidole cha shahada, nakisugua, nakiachia. Macho hudanganywa na taa za dukani, lakini dole gumba huwezi kuliwashia taa. Wateja wangu wakiniona nimefumba macho hunyamaza, wakidhani nasoma dua. Wengine ni kweli husoma dua wao.

"Basi nipeleke kwenye theluji," alisema wifi. "Watoto wangu niliwaahidi picha. Watu wataniambia nimekwenda Uchina nikarudi na picha za magunia."

Kuna ukumbi wa theluji huku kwetu, kaskazini ya mji, ukiupita uwanja wa ndege wa Baiyun. Ni jengo kubwa kama ghala la bandari, na ndani yake wamejaza theluji ya kutengeneza, na kilima, na ngazi ya mkanda inayokupandisha juu. Sikuwahi kuingia. Lakini nilitazama saa, nikaona siku bado ndefu, nikasema twende. Ningeweza kusema twende popote.

Tulipotoka treni ya chini ya ardhi, joto la Guangzhou lilitupiga usoni kama mvuke wa sufuria ya ubwabwa. Dakika chache baadaye tulikuwa tumevalishwa makoti mazito ya kukodi, suruali za kujaa upepo na helmeti juu ya mitandio. Wifi alijitazama kwenye kioo akacheka mpaka akashika ukuta.

"Sisi ndio mzigo sasa," alisema. "Watufunge kamba tu, watuandike jina."

Kama hujawahi kuvaa kiatu cha ski, yaani cha kutelezea kwenye theluji, nikutoe wasiwasi: kila mtu anadhani amepewa kiatu kibovu. Ni kigumu kama ndoo. Hukiingii kwa kusukuma mguu, bali kwa kukifungua ulimi mpaka mwisho, kusimama wima na kushindilia kisigino. Ukishakifunga utatembea kama mtu anayekanyaga mayai, kisigino kwanza. Hilo ni sawa. Hata watoto wa pale, wanaoteleza kama samaki, wakivaa viatu hivyo hutembea hivyo hivyo.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa kaskazini ya Uchina, mwenye mashavu mekundu na subira nyingi. Mimi aliniita jie, yaani dada mkubwa, na wifi vilevile, kwa hiyo tukawa dada wakubwa wawili tusiojua kusimama. Alitufundisha kwanza kuanguka. Unakaa upande, alisema, kama mtu anayekaa mkekani, usitangulize mkono nyuma. Kisha akatufundisha kufunga breki: vidole vya miguu vielekeane, visigino vitengane, mbao za kutelezea tulizofungwa miguuni zifanye umbo la pembe ya sambusa. Sambusa ni yangu, yeye alisema kitu kingine. Mimi nilikuwa namtafsiria wifi, na nikimtafsiria mtu huwa sitosheki mpaka nione ameelewa.

"Sambusa kubwa, unasimama. Sambusa ndogo, unakwenda," nilimwambia.

"Na ukila sambusa yenyewe?"

"Wifi, sikiliza."

Baada ya kuteleza mara kadhaa mikono mitupu, mwalimu alitupa fimbo, mbili kila mtu, za kujisukumia kwenye tambarare. Akasema neno moja akilirudia: mkianguka, achieni fimbo. Fungueni vidole tu, zidondoke. Na kile kitanzi cha mkanda kilicho juu ya fimbo, msikizungushe mkononi. Nilimtafsiria wifi yote hayo vizuri, mara mbili, na nikamwonyesha kwa vidole.

Wifi alianguka kila baada ya hatua chache. Alianguka kwa ubavu, kwa makalio, mara moja kwa magoti mbele ya familia nzima iliyokuwa ikipiga picha, na kila mara fimbo ziliruka huku na huku na yeye akabaki amelala anacheka. Mimi sikuanguka. Nilikuwa nateremka kwa sambusa yangu, naukamata mkanda, napanda, nateremka, kabla wifi hajainuka nimeshazunguka tena. Mwalimu aliniambia polepole, jie, polepole. Nikamjibu sawa, na nikaenda mbio.

Sasa nieleze kuhusu mkono. Mtu akiuliza nilifanyaje, nikamwambia nilizungusha kitanzi mara mbili juu ya dole gumba, ataniona sina akili. Lakini aje asubuhi moja Shisanhang, ile barabara ya nguo za jumla upande wa magharibi ya mji. Aje aone watu walivyobanana, mikokoteni inavyopita ikipiga kelele za kuomba njia, na kila mtu na mfuko wake mweusi wa nguo. Pale mfuko huubebi kwa kuushika. Unauzungusha mshikio mkononi mara mbili, dole gumba linapita chini yake na kuufunga, kisha hata ukisukumwa, hata ukianguka, mfuko hautoki. Wageni wote ninaowapeleka Shisanhang nawafundisha hivyo kabla hatujavuka barabara. Nimewafundisha wengi sana, na mkono wangu umefanya hivyo asubuhi nyingi sana, hata hauniulizi tena. Ukipewa kitu chenye kitanzi, unazungusha.

Mtoto mmoja alinikatia njia. Nilifanya sambusa kubwa, nikakaa upande kama nilivyofundishwa, mkono wa kulia ukagusa theluji na fimbo ikiwa bado ndani yake. Fimbo ikabaki nyuma, mimi nikaendelea. Hakukuwa na sauti. Nilihisi kitu ndani ya dole gumba kikifumuka, kama mshono wa suruali unavyofumuka mtu akichuchumaa.

Mwalimu alikuja akachomeka mbao zake kwenye theluji, upande wa juu wa kilima, zimepishana, ili wanaoteremka waone kuna mtu. Akafungua kitanzi kwanza. Kisha akanivua glovu taratibu, kidole kimoja kimoja, akiuliza kila mara kama naumia. Nilisema siumii. Wifi alifika akitembea kwa magoti, maana kusimama kulikuwa kumemshinda.

"Umeumia?"

"Hapana. Nipeni dakika, nitapanda tena."

"Upande tena uende wapi? Hebu lete mkono."

Ukiumia mkono, vua pete kabla hujafanya lingine lolote, kwa sababu uvimbe hauna adabu, haukungojei. Nami nilikuwa nimevaa pete mkono huo. Wifi alitoa mafuta ya mdomo kwenye koti lake, akapaka kidole, akaanza kuizungusha polepole.

"Usije ukasema mimi ndiye niliyekuvua pete ya kaka yangu," alisema. "Mashahidi wapo. Mwalimu, unaona?"

Mwalimu hakuelewa, lakini alitikisa kichwa kwa heshima. Pete ilitoka. Akajaza theluji kwenye kitambaa, akaniwekea juu ya dole gumba, akaniinulia mkono uwe juu ya moyo. Kwa maneno ya watu wa pale, ni bahati kuumia mahali ambapo barafu iko kila upande. Nilikaa hivyo, mkono juu kama mwanafunzi anayetaka kujibu swali, na mguu wangu ukigongagonga theluji. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu njia ya Xintang kesho yake.

Nilipotaka kufungua zipu ya koti niliona jambo lenyewe. Nilikamata kile kijiti cha zipu kati ya dole gumba na kidole cha shahada, nikavuta, na kikanitoka. Nikajaribu tena. Vidole vilikutana, lakini havikushikana. Dole gumba lilikuwa linasukumwa pembeni na kijiti cha zipu, kitu kisicho na uzito wa kokwa ya tende.

Wifi alikuwa ananitazama. Akanyoosha mkono akanifungulia zipu.

Tulikwenda hospitali. Hapa hospitalini unajisajili, unalipa, ndipo unaonwa, na vyote hivyo viko ndani ya simu. Simu yangu hufunguka kwa dole gumba la kulia. Nililiweka, simu ikakataa. Nililifuta, ikakataa. Lilikuwa limevimba kama ndizi mzuzu, nalo halikufanana tena na lenyewe. Nikabonyeza namba za siri kwa mkono wa kushoto, nikakosea, nikabonyeza tena, na nyuma yangu foleni ikiguna.

"Hata simu yako haikujui," wifi alisema. "Tulia. Namba moja moja, kama unavyonifundisha mimi."

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mnyororoni. Kichina changu ni cha sokoni. Najua kusema zipu inakwama, rangi imetofautiana, mfuko wa nyuma umepinda. Habari za mwili sizijui. Kwa hiyo nilimwonyesha dole gumba nikamwambia: mshono wa ndani umefumuka.

Alinitazama juu ya miwani. Kisha akalishika dole gumba la kushoto, lile zima, akalivuta pembeni kidogo kulipima. Halafu akalishika la kulia akalivuta vile vile, nami nikaona nyota.

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa haukuvunjika. Daktari akanieleza kwa lugha yangu, na mpaka leo namshukuru. Alisema kuna kano inayolishikilia dole gumba lisikimbie pembeni, kama mshono wa ubavuni. Nyuzi zingine zimekatika, zingine zimebaki. Mshono ungekatika wote, ingebidi ushonwe kwa kisu na sindano. Huu wa kwangu utajishona wenyewe, mradi usivutwe. Akanifunga banzi la plastiki kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka karibu na ukucha, na juu yake bendeji nyeupe pe.

"Wiki kadhaa," alisema. "Usifinye chochote. Usibebe."

"Kesho nina mzigo," nilimwambia.

"Kesho pia ni sehemu ya wiki kadhaa," alijibu, akamwita anayefuata.

Jioni ile nyumba ilikuwa ndogo. Nilitaka kumenya vitunguu, sikuweza. Nilitaka kufunga mtandio wangu, wifi akanifunga. Wakati wa kutawadha nilipaka maji juu ya bendeji badala ya kuosha, kama dini ilivyomfanyia wepesi mtu mwenye jeraha, na hata hapo sikutulia, nilitazama bendeji ilivyolowa ukingoni nikawaza kesho. Niliichukua sampuli nikaifinya kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa kitambaa tu. Nikachukua suruali nyingine ya zamani, ya bei ya chini, nikafinya. Kitambaa tu. Mkono wa kushoto ulikuwa kama mgeni aliyeshuka Baiyun leo asubuhi.

Nilipiga simu kwa wenzangu wawili wanaofanya kazi kama yangu. Mmoja alikuwa safarini, mwingine kesho yake alikuwa na wateja wa Mombasa. Nikakaa. Nikasimama. Wifi akaichukua sampuli mezani.

"Basi nifundishe mimi."

"Wifi, hili jambo la miaka."

"Na meli ni ya wiki hii. Nifundishe."

Alifinya. Nikamuuliza anahisi nini. Akafikiri sana, kisha akasema, "Nahisi suruali." Tulicheka wote wawili, mimi nikishikilia mkono wangu kifuani.

Hapo nikaacha kumweleza mambo ya pamba na nyuzi za kuvutika. Mtu mwanzoni usimpe maneno yako, mwulize yake. Nikamuuliza: "Unga wa chapati ukishaukanda ukauacha, unajuaje kwamba umepumzika?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza jina la mama yake. "Naubonyeza. Ukirudi mbio, bado. Ukirudi taratibu, tayari."

"Sasa funga macho. Bonyeza hiyo suruali."

Alifumba macho. Dole gumba lake lilikwenda juu ya kitambaa, likabonyeza, likaachia. Likaenda tena. Nilimpa ile suruali ya zamani. Akabonyeza, na kabla sijauliza, uso ukabadilika.

"Hii inarudi mbio," alisema.

"Eeh. Pamba kidogo, nyuzi za kuvutika nyingi."

"Hii ingenipasukia kwenye kikaango."

Asubuhi yake tulikuwa Xintang mapema kuliko tulivyoahidi, maana mimi sikuweza kungoja. Karakana ilikuwa ghorofa ya chini kwenye kichochoro chenye vipande vya nyuzi za buluu kila mahali, mpaka kwenye mitaro. Magunia ya wifi yalikuwa yamepangwa ukutani. Laoban na mkewe walitukaribisha kwa vile vikombe vidogo vya chai, wakaona bendeji yangu, wakasikitika sana. Niliposema ni ski, laoban alirudia neno hilo kwa mkewe mara kadhaa, kisha wote wawili wakageuka kuangalia mtandio wangu.

Nilimwambia wifi asichukue gunia la juu. Gunia la juu ndilo mwenyeji hutaka ulifungue. Tuliomba la chini kabisa, na moja la katikati. Mafundi wakayashusha, laoban akaendelea kumimina chai. Wifi akakaa kwenye kigoda, akaweka sampuli juu ya goti moja na suruali ya gunia juu ya goti la pili, akafumba macho.

Alikwenda polepole. Simu yangu ikalia: dereva wa lori, yuko njiani. Nikasimama nyuma ya wifi. Nikaenda mlangoni. Nikarudi nikakagua zipu kwa mkono wa kushoto, nikakagua vifungo, nikahamisha rundo moja kwa kulisukuma na ile bendeji, nikalirudisha. Simu tena. Joto lilikuwa limetanda mle ndani, jasho linatutiririka, na wifi bado yuko kwenye suruali ya pili.

"Yiyang, jie, yiyang," laoban aliniambia kwa upole. Ni ile ile. "Mei wenti." Hakuna shida.

Niliichukua suruali nikaifinya kwa kushoto. Nikaifinya sampuli. Nikaona kweli ni ile ile.

"Wifi, ni zenyewe," nilisema. "Waambie wafunge, lori linakuja."

"Hii bado."

"Bado nini?"

"Unga bado. Ya gunia la katikati sawa. Hii ya chini inarudi mbio."

"Wifi, umejifunza jana."

Ilinitoka kwa ukali kuliko nilivyotaka. Alifumbua macho akanitazama, na katika uso wake niliona anapima: aniamini mimi mwenye miaka yangu, au kidole chake cha tangu jana. Laoban alikuwa ameshamfanyia fundi ishara ya kuchukua kamba. Nami nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia fundi, funga.

"Bu yao," wifi alisema. Sitaki. Ndilo neno la kwanza la Kichina analojifunza kila mgeni sokoni, na kila mgeni hulisema kwa kupiga kelele. Yeye alilisema taratibu, akaweka kiganja juu ya gunia la chini. Kisha akanigeukia. "Halafu wifi, hebu tazama mkono wako."

Nilitazama. Bendeji yangu ambayo daktari aliifunga nyeupe pe ilikuwa ya buluu ukingo mzima, tangu kwenye dole gumba mpaka chini ya kiganja, mahali jasho lilipoilowesha na mimi nikaisukumia rundo.

Jinzi yoyote mpya hutoa rangi kidogo, usishtuke ukiona. Lakini ile sampuli nilikuwa nimeisugua siku nzima na haikuniachia kitu. Niliilaza bendeji kwenye suruali za gunia la katikati, upande uliobaki mweupe, nikasugua. Ikatoka na kivuli tu. Nikaisugua kwenye za gunia la chini. Buluu.

Laoban aliweka birika chini. Aliyesema alikuwa mkewe, na alisema akimtazama wifi, si mimi. Jora la kitambaa cha kwanza liliisha, wakamalizia na jingine. Na kwa haraka ya lori, zile za mwisho zilioshwa mara moja tu.

Basi ikawa kazi. Nilimpigia dereva nikamwomba apitie kwanza kwa wengine na atufanye sisi wa mwisho. Alilalamika, akakubali. Magunia yote yakafunguliwa sakafuni. Mke wa laoban akaketi mkabala na wifi, mmoja anatoa, mwingine anafinya na kutenga, na baada ya muda nilimwona yule mama naye anafumba macho. Mimi nilizunguka. Kila suruali wifi aliyoiweka upande wa sawa, nilitaka kuirudia. Ningeirudia kwa kidole kipi? Nilienda nikanunua maji. Nilirudi nikawagawia. Nikaenda kutazama lori mwisho wa kichochoro, halikuwepo, nikarudi.

Lori lilipofika, zilizo sawa zilikuwa zimeshafungwa, nazo hazikujaza hata nusu ya nafasi tuliyowekewa. Zilizobaki laoban alikubali kuzishona upya kwa kitambaa cha kwanza, zipande kontena inayofuata. Hazingewahi Idd.

"Unaweza kuzichukua zote leo," nilimwambia wifi, kwa sababu ilikuwa haki yake kuambiwa. "Wapo wanaofanya hivyo. Duka litajaa."

"Lijae buluu za kupaka watu mapaja?" Alisimama akanyoosha mgongo. "Nusu duka ni duka, wifi. Ile nusu nyingine nitaweka jiko, nitapika chapati. Watu waje kwa harufu."

Alikwenda mwenyewe kusimama nyuma ya lori, magunia yake yakipanda moja moja.

Kwenye treni ya kurudi tulipata viti. Wifi alikuwa na mfuko wa sampuli zake, nami nikauomba niubebe, akanipa kwa sababu alikuwa amechoka kubishana. Simu iliingia, ujumbe wa yule mwalimu wa theluji anauliza jie anaendeleaje. Nikamwomba wifi amjibu, kwa ile programu ya simu inayotafsiri, kwamba naendelea vizuri, na kwamba nitarudi. Aliandika la kwanza, la pili akakataa.

Kisha akashusha macho akatazama mkono wangu wa kushoto. Mshikio wa mfuko ulikuwa umezungushwa mara mbili, dole gumba chini yake. Sikukumbuka kufanya hivyo. Wifi akaukunjua, mzunguko mmoja, na wa pili, akaulaza mshikio kwenye kiganja changu wazi, akaegemeza kichwa dirishani akalala.

Nilivumilia vituo viwili, kisha mkono ukauzungusha tena.